Yule mhudumu wa mgahawa wa Lahore

Septemba 2006, Rais wa Pakistan Pervez Musharraf alisimama White House na George W. Bush mbele ya waandishi wa habari. Akaulizwa: ni kweli kwamba baada ya Septemba 11 Marekani ilitishia kuipiga nchi yako mabomu mpaka irudi enzi za mawe? Jenerali akajibu kwamba hawezi kulizungumzia, ana makubaliano na mchapishaji wake, kitabu kinatoka siku chache zijazo. Bush akachomekea utani: yaani anawaambia mkinunue.

Kwangu mimi huo ndio ukurasa wa kwanza wa In the Line of Fire. Mkuu wa nchi yenye silaha za nyuklia yuko nyumbani kwa mshirika wake, anaulizwa kama mshirika huyo alimtishia, na kinachomfunga mdomo ni kampuni ya vitabu ya New York.

Nimeisoma tena tawasifu hiyo mwezi huu, sambamba na The Reluctant Fundamentalist ya Mohsin Hamid, riwaya iliyotoka mwaka mmoja baadaye. Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza na vyote vinazungumza na Mmarekani. Ila Hamid anajua anachofanya, na hilo ndilo alilolijengea riwaya nzima. Jenerali sidhani kama alijua.

Nimpe haki yake kwanza. Kurasa za zile siku za Septemba 2001 ni nzuri. Colin Powell anapiga simu. Naibu wake, Richard Armitage, anazungumza na mkuu wa ujasusi wa Pakistan aliyekuwa Washington (habari ya enzi za mawe inatokea hapo, na Armitage alikana kutumia maneno hayo). Halafu Musharraf anakaa kupiga hesabu kijeshi: tukikataa, jeshi letu litahimili? Silaha za nyuklia je? Kashmir? Na India, ambayo ingefurahi kuwapa Wamarekani viwanja vyake vya ndege? Hapo anaandika mtu aliyebanwa kwelikweli, na ninamwamini.

Tatizo ni kwamba baadaye anasahau kuwa alibanwa. Lile la kulazimika linageuka kuwa ushujaa, halafu linageuka kuwa biashara. Anatuambia wamekamata watu 689, wamewakabidhi Wamarekani 369, na wamepata donge nono la mamilioni ya dola. Analisema kwa kujisifu, akiwajibu wanaodai Pakistan haijitumi. Wakubwa wa al-Qaeda wanasimuliwa kwa urefu. Wengine ni namba.

Hapa siwezi kujifanya mtakatifu. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulipolipuliwa siku moja na ule wa Nairobi, nilikuwa shule ya msingi, Dar hiyohiyo. Mmoja wa waliotafutwa, Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004, akakabidhiwa kwa Wamarekani. Nakumbuka tulivyofurahi nyumbani. Hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi. Alipelekwa magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo, na mwaka 2010 mahakama ya New York ikamtia hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280. Kwa hiyo nikimcheka jenerali kwa namba zake, ajue namba moja niliipigia makofi.

Sasa riwaya. Changez, kijana wa Lahore aliyesoma Princeton na kufanya kazi New York, kazi ya kuthamini makampuni, amekaa mgahawani Anarkali na Mmarekani asiyemjua. Anamsimulia maisha yake kuanzia chai mpaka usiku. Mmarekani hatumsikii hata mara moja. Maneno yake tunayapata kupitia kwa Changez, anayeyarudia kwa adabu nyingi mno, adabu ya kutia mashaka. Mgeni anashtuka kila mtu akisogea. Mwenyeji anamsihi ale bila hofu, na kadiri anavyosihi ndivyo hofu inavyozidi. Sijasoma makala ya siasa iliyonionyesha ushirika wa Islamabad na Washington vizuri namna hii: wawili wanakula sahani moja, kila mmoja anaangalia mkono wa mwenzake uko wapi.

Si kila kitu kimenikolea. Ule mkasa wa mapenzi na Erica ni mzito kuubeba, hasa ukishagundua jina lake limejificha ndani ya America. Na Changez akiwa Chile, mzee mchapishaji anapomweleza habari za majanisari, watoto wa Kikristo waliochukuliwa na dola ya Uthmaniya wakafunzwa kupigana na watu wao wenyewe, fumbo linakuwa si fumbo tena.

Lakini kuna mhudumu. Mtu wa miraba minne, ambaye Mmarekani anamwogopa tangu mwanzo. Changez anaeleza kwamba kabila lake liko pande zote mbili za mpaka na Afghanistan na limeumizwa na operesheni za Wamarekani. Maneno machache tu, kisha anarudishwa kubeba sahani. Jenerali ana kitabu, Changez ana kitabu. Huyu, ambaye ushirika ule ulimwangukia kichwani, hata jina hana.

Lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Nilipoanza katika chumba cha habari nilikuwa natafsiri habari za mashirika ya nje, na Waziristan ilikuja karibu kila wiki: ndege isiyo na rubani, washukiwa kadhaa wameuawa. Nafasi ikibana, neno nililolikata lilikuwa "washukiwa". Nikaandika "magaidi". Linaokoa herufi mbili.

Mwishoni mwa riwaya ni usiku, Changez anamsindikiza mgeni hotelini. Mhudumu anawajia kwa nyuma, haraka, anamwashiria Changez amzuie. Mmarekani anaingiza mkono ndani ya koti, kitu cha chuma kinang'aa. Basi, Hamid anaishia hapo. Wasomaji wanabishana nani anataka kumuua nani. Mimi nataka kujua mhudumu alikuwa anakuja kusema nini. Huenda mgeni alisahau chenji yake.