Makaburi, Maziara, Makumbusho: Tatizo la Kutafsiri Neno "Urwibutso" Rusizi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mahali pa kuzikia. Kaburi, lenye asili ya Kiarabu, ni pa mtu mmoja. Kwa wingi, makaburi, hutaja pia eneo zima. Mava hutaja eneo hilo tu. Maziara, neno lenye nasaba moja na kuzuru, humtazama anayekuja kuliko aliyelala: ni mahali panapoendewa kwa heshima na dua, na kwa hiyo lina harufu ya Uislamu wa Pwani.

Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, msamiati huo ulikabidhiwa mzigo mpya. Sheria za nchi hiyo hutenganisha mambo mawili: ile ya mwaka 2013 inahusu irimbi, yaani makaburi ya kawaida, ile ya mwaka 2016 inahusu hafla za kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na usimamizi wa urwibutso. Tofauti hiyo ina uzito Rusizi, Cyangugu ya zamani, ambako Kiswahili huvuka mpaka kila siku kati ya Kamembe na Bukavu. Nyarushishi, palipokuwa na kambi ya Watutsi mwaka 1994, leo pana urwibutso, na wahanga wamezikwa papo hapo.

Mtafsiri huvutwa na umbo. Kwibuka ni kukumbuka. Kwibutsa ni kukumbusha. Basi urwibutso huonekana kuwa makumbusho. Kimofolojia hoja hiyo haina kasoro. Kimatumizi inapotosha. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, makumbusho ni jengo la kuhifadhia na kuonyeshea vitu vya kale, na anayeingia humo ni mtazamaji. Neno hilo likiwekwa Nyarushishi, marehemu hugeuka maonyesho na ndugu yao aliyefiwa hugeuka mgeni wa utalii. Makaburi nayo hayatoshi, kwa kuwa hayasemi watu hao walikufaje wala kwa nini taifa zima linawajibika kuwakumbuka. Maziara yanaubeba wajibu wa kuzuru, lakini yanaifunga maana ndani ya mila ya dini moja, ilhali waliozikwa wengi wao walikuwa Wakristo.

Suluhisho halihitaji neno geni. Ukumbusho, lililotokana na kitenzi kilekile, halijafungwa na jengo wala maonyesho. Palipozikwa watu paitwe makaburi ya ukumbusho; pasipo na maziko paitwe mahali pa ukumbusho; makumbusho yabaki kwa ukumbi wa maonyesho, hata ukiwa ndani ya eneo hilohilo.

Uamuzi huu si wa wanaleksikografia peke yao. Kibao, kitabu cha shule na tafsiri ya sheria vikitumia maneno matatu kwa mahali pamoja, atakayepotea kwanza ni msomaji wa Kiswahili asiyejua Kinyarwanda, ambaye ndiye aliyekusudiwa. Aambiwe mapema, kwa neno lenyewe, kwamba anakanyaga ardhi walimolala watu.