Mtaka cha Mvunguni

Shangazi yangu huweka chuma chake cha vitumbua mvunguni mwa kitanda. Kwa miaka mingi aliamka saa kumi alfajiri, akainama, akakivuta, akawasha jiko la mkaa barazani. Jua likichomoza Tanga, wateja wa kwanza walikuwa wamekwisha kula. Kisha ukaja wakati ambao chuma kile kilitolewa na mjukuu. Kiuno kilimkaza, na kila aliyemwona alimpa shauri lile lile: usiiname. Akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa pingili zimelika, na neno hilo likammaliza nguvu. Akaacha kuinama kabisa. Akawa anatembea kama aliyetwishwa mtungi uliojaa pomoni, na maumivu hayakupungua hata kidogo.

Nilimsindikiza kwenye chumba cha fiziotherapia nikidhani nakwenda kuona mashine. Nilichokikuta ni ufundi, nao nataka kuueleza polepole kwa kuwa wenyewe hufanywa polepole.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana aliyesomea hospitali ya KCMC, kule Moshi. "Shikamoo mama," alisema, na baada ya kuitikiwa marahaba akavuta kigoda, akaketi chini kidogo ya usawa wa macho ya shangazi, akaanza kuuliza. Robo saa nzima hakumgusa. Maumivu yanaanza asubuhi au jioni? Ukikohoa yanazidi? Yanashuka mguuni, na yakishuka yanaishia pajani au yanafika unyayoni? Usiku yanakuamsha? Umepungua mwili? Unapata homa? Kuna ganzi sehemu za siri? Haja ndogo unaizuia vizuri?

Nilidhani ni maswali ya kujaza kadi. Baadaye nilielewa kwamba kila swali lilikuwa na kazi yake. Ganzi sehemu za siri pamoja na haja isiyozuilika ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na mgonjwa wa namna hiyo hapewi mazoezi. Anapelekwa haraka, siku hiyo hiyo, kwa daktari wa upasuaji. Homa, jasho la usiku na kukonda vingemfanya mtaalamu afikirie kifua kikuu, ambacho huweza kuingia hata kwenye pingili za mgongo. Fundi huyu alianza kwa kujiuliza kama kazi iliyo mbele yake ni yake kweli.

Halafu akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza shangazi kuhusu mgongo wake: "Mama, umezaa mara ngapi?" Mara tano. Na wote watano aliwabeba mgongoni kwa kanga huku akifagia na kuteka maji. Mtaalamu akasogeza pazia, akashusha sauti, akauliza kama akicheka au kupiga chafya mkojo humtoka kidogo. Shangazi aliinamisha macho, akakubali. Alilificha jambo hilo miaka mingi akidhani ni aibu yake peke yake. Alijibiwa kwa utulivu kwamba ni jambo la wanawake wengi na lina mazoezi yake. Katika ujauzito homoni iitwayo relaksini hulegeza kano za nyonga, tumbo huvuta kiuno mbele, na misuli inayoshikilia nyonga kwa chini, kama sakafu inavyoshikilia nyumba, hutanuka. Karibu nusu ya wajawazito hupata maumivu ya kiuno au nyonga. Misuli hiyo ni jirani wa mgongo, na mmoja akichoka mwenzake hubeba mzigo wa wawili.

Ndipo akasimama kutazama. Alimwacha shangazi avue viatu mwenyewe, akaangalia mguu upi unatangulia na mkono unashika wapi. Alimtembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, kwa sababu mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili za chini ndiyo inayoendesha miondoko hiyo, na mguu ukilegea hutoa habari za mgongo. Alimlaza, akainua mguu mmoja ulionyooka mpaka mahali ulipokataa. Akagonga goti na kifundo kwa nyundo ndogo ya mpira. Mwisho kabisa ndipo viganja vikafika kiunoni, dole gumba likishuka pingili baada ya pingili, tano za kiunoni, likisimama, likibonyeza kidogo, likisikiliza.

Ufundi huu umejengwa na watu wenye macho ya namna hiyo. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake mmoja alale kifudifudi, naye akaenda kuhudumia wengine. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, kwa hiyo yule bwana akalala mgongo ukiwa umepinda kwenda nyuma, mkao ambao wakati ule ulionekana wa hatari. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia maumivu ya mguu yameondoka. Mwingine angeshukuru kwamba hakuna madhara, akalisahau. Yeye alilifuata jambo hilo maisha yake yote, akawafundisha wenzake kuchunguza mwondoko upi unarudisha maumivu kiunoni na upi unayasukuma mguuni.

Picha ya eksirei shangazi aliibeba kwenye mfuko kama hati ya hukumu. Mtaalamu aliitazama kwa heshima, akaiweka mezani. Alieleza kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa popote. Wakaona diski zilizochakaa kati ya pingili kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. "Ni kama mvi, mama. Mvi haziumi." Nilimwona shangazi akishusha mabega.

Tiba yenyewe ilianza kwa pumzi. Alimlaza chali, magoti juu, akamwambia atoe pumzi huku akivuta kitovu ndani taratibu, bila kukaza shingo. Shangazi hakuelewa. Mtaalamu akafikiri, akauliza: "Ulipojifungua, mama yako alikufunga mkaja?" Alifungwa, siku arobaini. "Basi chini ya ngozi unao mwingine. Kuna msuli wa ndani kabisa unaozunguka tumbo mpaka kiunoni. Ule wa nguo ulifunguliwa. Huu wa ndani tunauamsha." Shangazi akatoa pumzi, na safari hii tumbo likaitika. Mkaja kwetu ni vazi la mzazi, tena ni jina la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya uzazi na malezi yake. Binti yule alichukua neno lililokuwa limelala katika maisha ya mgonjwa wake, akalitumia kama chombo cha kazi. Hilo ndilo lililonifanya niinamishe kichwa kwa heshima.

Mikono yake ilichua, ndiyo, na kitambaa cha moto kilitumika, lakini dakika chache tu, za kulainisha njia ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, wengi wao wanawake, na mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu unataja elimu na mazoezi miongoni mwa tiba zinazofaa, huku ukishauri kutotegemea mikanda ya kiunoni wala kuvutwa mgongo. Mwongozo umesema mazoezi. Ni yapi, mangapi na kwa nani, hayo huyajua fundi aliye chumbani.

Wiki ya pili mtaalamu alileta mpini wa ufagio. Aliulaza wima mgongoni mwa shangazi, ukagusa kisogo, katikati ya mabega na juu ya tako. "Sasa iname, mpini usiachane nawe." Kwanza shangazi aliganda. Miezi yote aliambiwa asifanye jambo hilo. Kisha makalio yakarudi nyuma, magoti yakalegea kidogo, mwili ukakunjika nyongani. Akainuka. Mara nane, akapumzika. Wiki ya tatu ikaja ndoo yenye lita tatu za maji, kisha tano, kisha kumi. Kila mara aliuliza: jana usiku ulilalaje? Jibu la usiku ule ndilo lililoamua lita za siku ile. Siku moja kiuno kiliwaka, na badala ya kusimamisha kazi mtaalamu alimrudisha kwenye lita tano, wakaendelea. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hapa kamba ilikuwa ikipimwa kila siku isikate mkono.

Baadaye akamfundisha kuinama kwa mgongo wa mviringo, vile mtu anavyoinama akiokota kijiko bila kufikiri. Nilishangaa, maana nilidhani mpini ndio sheria. Akasema mpini ulikuwa wa kurudisha imani, na mgongo uliorudi kwenye imani yake lazima uweze kupinda kila upande, kwa sababu beseni la nguo, mtoto anayelia na jiko la mkaa havingoji mtu ajipange.

Siku ya mwisho mikono yake ilikaa mapajani muda wote. Shangazi alifanya mazoezi yote mwenyewe, akaeleza mwenyewe atafanya nini kiuno kikikaza tena, maana kitakaza. Mtaalamu alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, akaandika mstari mmoja kwenye kadi, akaaga.

Wahenga wamekwisha sema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alfajiri iliyofuata nilisikia kitanda kikilia, kisha pumzi ndefu ikitolewa taratibu, kisha chuma kikiburutwa sakafuni. Mjukuu alikuwa bado amelala.