Septemba mbili za Ziwa Mweru

Mtu wa Lindi ukimtajia Kilwa, atakuelekeza kwenye magofu ya Kisiwani. Kilwa ninayoizungumzia mimi haina bahari. Ni kisiwa cha Ziwa Mweru, mali ya Zambia katika wilaya ya Nchelenge, ila kimeegemea ufuko wa Congo. Na ng'ambo ya pili, upande wa Congo, upo mji unaoitwa Kilwa vilevile. Wavuvi wa pande zote mbili wanategemea ziwa moja na chisense zilezile, dagaa wa huko wanaovuliwa usiku kwa taa. Watoto wao hutenganishwa na kalenda. Mwanzoni mwa Septemba, mtoto wa upande wa Congo anaanza darasa jipya. Yule wa Nchelenge anarudi kwenye muhula wa tatu, ndio wa mwisho, wa mwaka ulioanza Januari.

Tofauti hiyo ilikuwa ndogo hadi mwishoni mwa Agosti 2017, vita vya Katanga na Tanganyika, mikoa ya Congo, vilipowasukuma maelfu ya watu kuingia kaskazini mwa Luapula, jimbo la Zambia lenye Nchelenge. Walipokelewa kwanza Kenani, kituo cha muda, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa Mantapala, makazi ya Nchelenge yaliyopangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja. Hapo ndipo mtoto aliyekulia Kiswahili alipojikuta ameketi mbele ya ubao ulioandikwa Icibemba, yaani Kibemba. Nataka tuangalie kwa karibu jinsi mtoto wa namna hiyo anavyoweza kuingizwa katika kusoma ndani ya muhula mmoja. Zana za kazi hiyo Zambia inazo tangu zamani.

Zilitokana na kushindwa. Kuanzia 1966 sera ya Zambia ilikuwa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Utafiti wa mwaka 1995 uligundua kwamba ni robo tu ya wanafunzi wa darasa la sita walioweza kusoma kwa kiwango cha chini kilichowekwa, na asilimia 3 tu waliofikia kiwango kilichotakiwa. Kabla ya hapo Eddie Williams, mtafiti wa Uingereza, alikuwa amewalinganisha watoto wa Zambia na wa Malawi, walioanza masomo kwa Chichewa. Wazambia hawakuwazidi wenzao hata katika kusoma Kiingereza chenyewe. Mwaka 1998 likaanza jaribio eneo la Kasama: darasa la kwanza lisome kwa Icibemba, saa moja kila siku. Mbinu iliyotumika iliitwa Breakthrough. Ilibuniwa London na David Mackay na wenzake, ikatoka mwaka 1970, kisha mradi wa Molteno wa Afrika Kusini ukaifanyia kazi kwa lugha za Kibantu.

Ufundi wake umo katika mpangilio wa chumba. Darasa hugawanywa makundi manne kwa kufuata mwendo wa kila mtoto. Mwalimu hukaa na kundi moja konani, karibu kabisa, na makundi matatu yaliyobaki hushika kazi za mezani. Kisha zamu hugeuka. Somo halianzi na herufi. Huanza na maongezi juu ya picha, na katika maongezi hayo huokotwa sentensi moja. Sentensi huandikwa kwenye kadi, kadi hukatwa maneno, maneno hukatwa silabi, na silabi huungwa upya hadi yapatikane maneno ambayo hayakuwemo. Mtoto anashuhudia kauli ya mdomo ikivunjwa na kujengwa tena mikononi mwake. Mtaala ulioanza kutekelezwa 2014 ulitia mkazo zaidi kwenye sauti na silabi, na ukaendeleza lugha za Kizambia hadi darasa la nne. Kwa Luapula lugha hiyo ni Icibemba, ingawa kuna watoto wa ufukweni ambao nyumbani husema Kishila au Kibwile. Hata mwenyeji, basi, huvuka kidogo anapoingia darasani.

Sasa mlete mtoto wa miaka minane kutoka Pweto, upande wa Congo, aliyekwisha kusoma mwaka mmoja kwa Kiswahili. Mwalimu anampa kadi: a-me-nshi. Anaisoma bila kukwama, maana Icibemba kina irabu tano kama Kiswahili na maneno yake hutamkwa karibu kama yalivyoandikwa. Hajui kwamba ametaja maji. Mwalimu anayesikiliza sauti tu atampandisha kundi la mbele, naye atamaliza ukurasa mzima kama kasuku. Mwalimu mwingine atamuuliza swali kwa Icibemba, mtoto atanyamaza, na atashushwa kukaa na wasiojua hata herufi. Nayaona makosa haya mawili kuwa ndiyo mazito kuliko upungufu wa vitabu au madawati. Chanzo chake ni kimoja: ujuzi wa kusoma na ujuzi wa lugha vimepimwa kwa kijiti kimoja.

Mpango wa Catch Up, ulioanza 2016 katika shule 80 za majimbo ya Mashariki na Kusini ya Zambia kwa kufuata mbinu ya shirika la Pratham la India, unao upimaji ninaoupenda. Mtoto huitwa peke yake, huwekewa karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, na hupangiwa kundi pale anapoishia, awe wa darasa la tatu au la tano. Kwa darasa la ufukweni ningeongeza kitu kidogo. Kabla ya karatasi ya Icibemba, mgeni aandikiwe maneno matano ya Kiswahili: mama, samaki, chakula, mbwa, ng'ombe. Hata mwalimu asiyejua Kiswahili anaweza kumwambia achore anachosoma. Akisoma na kuchora, huyo ni msomaji tayari, na kazi iliyobaki ni msamiati.

Na msamiati wenyewe uko jirani. Mbwa ni imbwa. Ng'ombe ni ing'ombe, king'ong'o na alama yake vikiwa vilevile. Mti ni umuti, neno ambalo pia ni dawa. Mbuzi ni imbushi, na chakula ni icakulya. Mtoto akishaonyeshwa kwamba jina la Kibemba hutanguliwa na irabu, na kwamba herufi c ikisimama peke yake husomwa kama ch, maneno mengi yanamfungukia kwa mkupuo. Kiswahili chake cha Katanga kinamsaidia kuliko Kiswahili sanifu: sisi tunasema watu, yeye husema bantu, kwa hiyo abantu hawampi shida. Kwa Icibemba hata mwalimu huitwa kafundisha! Lakini samaki ni isabi, na hapo hakuna undugu wa kumbeba. Hilo lifundishwe kwa samaki mwenyewe, na Nchelenge hawakosekani.

Liko jambo lisiloandikwa kwenye kadi, nalo ni salamu. Kibemba humsalimu mkubwa kwa umbo la wengi: mwashibukeni, mmeamkaje, hata akiwa mtu mmoja. Mgeni anayetumia umbo la mmoja ataonekana mtovu wa adabu kumbe hajaambiwa. Salamu ndiyo ingekuwa sentensi yake ya kwanza kukatwa silabi, na wa kumfundisha si lazima awe mwalimu. Mabel Shaw, aliyefika misheni ya Mbereshi kusini mwa Nchelenge mwaka 1915 na kuanzisha shule ya wasichana, aliwapanga wanafunzi kama jamaa, wakubwa wakiwalea wadogo. Shule ya kutwa inaweza kuazima hilo: mgeni apewe mwenzake wa kufagia naye darasa asubuhi na kukaa naye kundi moja. Maneno ya ufagio, maji na mlango atayapata kazini kabla somo halijaanza.

Muda ni mfupi. Muhula una wiki kama kumi na tatu, za joto kavu mwanzoni na mvua mwishoni, na ni miezi ambayo ziwa lina kazi. Tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo familia hujitahidi kupata kipato mapema, na mtoto anaweza kukosa siku kadhaa akiwa kambini kwa wavuvi. Mbinu ya makundi humpokea anaporudi, kwa kuwa kundi lake halikwenda na ukurasa wa tarehe. Lilikwenda na watoto waliomo. Kadi zikichakaa, boksi la dukani linakatika vizuri kwa mkasi.

Wiki ya mwisho ya Novemba ningempima tena mtoto wa Pweto, safari hii bila kumsomesha chochote. Ningemwonyesha picha ya ziwa na kumwacha aseme. Akisema sentensi moja ya Icibemba, hata ikiwa na neno la Kiswahili katikati, iandikwe kwenye kadi kama alivyoisema, na kundi lake liikate silabi siku hiyohiyo.