Mlio Usio na Kwao

Katika muziki utengenezwao kwa vyombo vya umeme, imekuwa desturi kutia milio ya wanyama iliyonaswa zamani. Mfano ujulikanao sana ni "Pacific State" wa kundi la 808 State la Uingereza, uliotolewa mwaka 1989. Ndani yake husikika ndege wa maziwa ya baridi ya Marekani ya Kaskazini, aliyechukuliwa katika hazina ya sauti za chombo kiitwacho Emulator, akafanywa mwenyeji wa nchi ya joto asiyoijua. Wimbo ni mzuri. Ila mlio umekuwa pambo tu, haumwiti yeyote wala haungoji jibu.

Kiswahili hakisikii hivyo. Simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika: kila kitenzi kina mwenyewe.

Yamkini itasemwa kuwa kosa ni la mashine, kwamba sauti ikinaswa hufa. Ushahidi wa nchi ya Mbulu wakataa. Katika vilima vya Kidero, kati ya Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, Wahadzabe humwita kwa mbinja ndege aongozaye watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita ndege wa aina iyo hiyo kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Mwaka 2023 wataalamu Claire Spottiswoode na Brian Wood walieleza majaribio yao ya kuwachezea ndege hao miito iliyonaswa. Huko Kidero, mbinja za Wahadzabe ziliitikiwa zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao. Huko Niassa mambo yalikuwa kinyume.

Basi sauti haikufa mashinini. Ndege aliitambua lahaja ya kwao hata ilipotoka katika kipaza sauti.

Ni kweli kwamba mtungaji si mrina asali, na msikilizaji si ndege. Wala sanaa haifungwi na matumizi ya kwanza ya kitu. Lakini mbinja ya Yaeda ikitiwa wimboni kwa jina la "sauti ya Afrika" tu, maana yake imetupwa, na Mhadzabe aisikiaye hatajua anaitiwa nini. Hapana budi kila sauti inaswayo iandikiwe mwenyewe, mahali pake na shughuli yake. Akiisha kuyajua hayo, mtungaji na aigeuze apendavyo.