Mnada Usio na Mnadi: Uhakiki wa Istilahi za Bei Katika Mchezo wa Shamba na Katika Soko la Korosho

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya Kiswahili ya maelezo ya mchezo wa simu uitwao Hay Day. Mfasiri wake, kijana mwenyeji wa Mtwara, aliomba tumpe maoni kuhusu istilahi alizozitumia kueleza jinsi wachezaji wanavyouziana mazao na jinsi bei zinavyowekwa. Wako wenzetu waliosema kwamba michezo ya simu si jambo la kuwashughulisha wakuzaji istilahi, hali bado ziko sheria, dawa na mitambo visivyo na majina. Baada ya kuisoma rasimu hiyo tumeona vingine. Maneno yake karibu yote yametoka katika soko la korosho. Na yalipohamishiwa mahali pageni, upungufu wake umeonekana wazi kuliko unavyoonekana huko yalikotoka. Kwa hiyo uhakiki huu, ingawa unaanza na mchezo, shabaha yake ni lugha ambayo kwayo mkulima wa Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini huuza mali yake.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe. Hay Day ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland. Mchezaji hupewa shamba. Hupanda, huvuna, hufuga na kusindika. Mali yake huhifadhiwa katika maghala mawili, moja la mazao ya shambani na jingine la bidhaa nyinginezo, na yote mawili yana kikomo cha ujazo. Anayetaka kumwuzia mwenzake ana kibanda kando ya njia, chenye visanduku. Katika kila kisanduku huweka bidhaa za aina moja, zisizozidi 10, kisha hupanga bei. Bei hiyo haiwezi kupita kiwango cha juu ambacho watengenezaji wa mchezo wamekiwekea kila bidhaa. Akipenda, hutangaza mali yake katika gazeti la humo mchezoni. Mnunuzi akifika, ama hulipa bei iliyoandikwa ama huenda zake. Hakuna kupatana, wala hakuna kushindana kwa bei. Sarafu zilizolipwa hukaa kisandukuni mpaka muuzaji aje azichukue.

Mfasiri wetu ameuita utaratibu huu wote "mnada". Hapa ndipo hoja yetu ya kwanza inapoanza.

Neno mnada lina sauti ndani yake. Asili yake ni kunadi, yaani kuita kwa sauti, na mwenye kuita ni mnadi. Kwa upande wa pili yuko mzabuni, naye kazi yake ni kuzabuni, yaani kutaja bei iliyo juu ya ile ya mwenziwe. Asiyelijua jambo hili na aende alfajiri penye kushushwa samaki Mtwara mjini, au Msimbati karibu na maingilio ya mto Ruvuma. Huko fungu la samaki huwekwa chini, mnadi huita, wanunuzi hupandishana, na kila aliyesimama hapo husikia bei ikipanda. Huo ni mnada kwa maana yake kamili.

Sasa tulinganishe na korosho. Mfumo wa stakabadhi za ghala, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Katika mfumo huo mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye chama chake cha msingi, chama huzipeleka ghalani, na chama kikuu, ama MAMCU kwa Masasi na Mtwara ama TANECU kwa Tandahimba na Newala, huziuza kwa wanunuzi. Kwa miaka mingi wanunuzi walikuwa wakiandika bei zao katika karatasi na kuzitia katika sanduku lililofungwa. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa, nao wakulima wakaulizwa kama wanakubali au wanakataa. Siku hiyo iliitwa siku ya mnada. Lakini mnadi alikuwa wapi? Na ni nani aliyepandisha bei juu ya mwenziwe, hali hakuna aliyejua mwenziwe ameandika nini? Kwa kweli ile ilikuwa zabuni ya siri, ambayo uamuzi wake wa mwisho uliachiwa mkutano wa wakulima.

Pengine msomaji atasema kwamba huku ni kupapasa herufi tu. Hatudhani hivyo. Mtu aliyeambiwa "mnada" hutazamia bei ipande mbele ya macho yake. Aliyeambiwa "zabuni ya siri" anajua kwamba bei haitapanda hata kwa shilingi moja baada ya sanduku kufunguliwa, na kwamba nguvu yake pekee ni kukubali au kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliitumia nguvu hiyo, wakazikataa bei zilizosomwa. Novemba ya mwaka huo Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei hii ya pili haikuwa ya mnada wala ya zabuni. Ilikuwa bei iliyopangwa na mnunuzi mmoja. Hata hivyo, katika mazungumzo ya watu matukio yote mawili yaliingizwa katika neno moja la "bei ya mnada". Mwalimu atakayetaka kuwaeleza wanafunzi wake yaliyotokea msimu ule atakosa maneno ya kutenganisha jambo na jambo.

Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na wanunuzi huweka bei zao kwa mtandao. Neno mnada limevuka likaingia huko nalo, safari hii likiongezewa "wa kidijitali". Tunaona hapo kosa lile lile la kuongeza sifa mahali ambapo jina lenyewe halijachunguzwa. Kidijitali hutuambia chombo kilichotumika. Hakituambii ni nani anayeweka bei, wala kama wanaoshindana wanasikiana.

Hoja ya pili inahusu kuweka, kuuza na kulipwa. Katika rasimu tuliyoletewa, bidhaa iliyotiwa kisandukuni imeitwa "bidhaa iliyouzwa". Hili si kweli. Bidhaa hiyo imetoka ghalani, lakini bado haijanunuliwa. Ikisha nunuliwa, bado sarafu zake hazijamfikia mwenyewe mpaka azichukue. Ziko hatua tatu, na kila moja yahitaji neno lake.

Lakini tusimlaumu kijana huyu peke yake, kwa maana amelelewa katika mazingira ambamo hatua hizi huchanganywa kila msimu. Chanzo kimojawapo ni neno stakabadhi. Katika matumizi ya kawaida stakabadhi ni hati ya kuthibitisha kwamba fedha imelipwa na kupokelewa. Stakabadhi ya ghala ni kitu kingine kabisa: ni hati ya kuthibitisha kwamba mali fulani, ya uzito na daraja fulani, imepokelewa na mtunza ghala, na kwamba bado ina mwenyewe. Mwenye kuishika hajauza wala hajalipwa. Anapoitwa "mkulima aliyeuza kwa stakabadhi", lugha imemtangulia hatua mbili mbele ya ukweli. Hatupendekezi neno hili lifutwe, maana limo katika sheria na limekwisha zoeleka. Tunachotaka ni kwamba kila liandikwapo katika matangazo na vitabu vya mafunzo liambatane na kitenzi chake sahihi: mkulima ameweka korosho, korosho zimeuzwa, mkulima amelipwa.

Hoja ya tatu ni majina ya bei. Kile kiwango cha juu cha mchezoni mfasiri amekiita "bei elekezi". Kuelekeza ni kuonyesha njia, na anayeonyeshwa njia aweza kupita nyingine. Katika mchezo muuzaji hawezi kupita kabisa. Simu yenyewe itamkatalia. Hilo basi ni bei kikomo. Kasoro ya namna hii imo pia katika istilahi "bei dira" iliyowahi kutumika katika korosho. Dira humwonyesha nahodha upande wa kaskazini, bali haimzuii kwenda kusini. Ikiwa bei iliyotangazwa hairuhusiwi kupunguzwa, basi si dira. Ni kima cha chini, na iitwe hivyo. Ikiwa yaruhusiwa kupunguzwa, mkulima ana haki ya kulijua hilo kutoka katika jina lenyewe kabla hajafika mizanini.

Kuna pengo jingine zaidi. Bei inayotangazwa siku ya mauzo siyo fedha inayomfikia mkulima, kwa sababu yako makato ya ushuru na ya gharama za vyama na ghala. Tumesikia bei ya kwanza ikiitwa "bei ghafi". Tunalionea shaka jina hili, kwani korosho yenyewe ambayo haijabanguliwa huitwa korosho ghafi, na "bei ghafi ya korosho ghafi" ni kitendawili. Afadhali tuseme wazi bei ya kabla ya makato na bei ya baada ya makato. Ni maneno marefu kidogo, lakini hakuna atakayeyasikia asiyaelewe.

Hoja ya nne ni kangomba. Katika Hay Day vifaa vya kupanulia maghala, kama misumari, skrubu na mbao, hutafutwa mno. Kwa kuwa bei yake ina kikomo kilicho chini ya thamani ambayo wachezaji wanaiona, wengi hawapendi kuviuza kwa sarafu. Hupatana pembeni: huyu atoe mbao, yule atoe skrubu, kila mmoja aviweke kibandani kwa bei ndogo na mwenziwe aviwahi. Hatari yake ni kwamba mpita njia yeyote aweza kuviona na kuvinunua kabla ya mwenye ahadi kufika. Mfasiri ameuita mpango huu "kangomba".

Tunakiri kwamba neno hilo ni zuri, nalo ni mali ya Mtwara na Lindi. Lakini hapa halifai. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya chama cha ushirika, kwa bakuli au kipimo kingine kisicho rasmi badala ya mizani, na mara nyingine kabla hata ya mavuno. Msingi wake ni shida ya upande mmoja. Mkulima ana mgonjwa au ada ya mtoto leo, na malipo ya ghalani yatakuja baada ya mauzo. Mnunuzi analijua hilo, naye hupanga bei kwa kuipima shida ile. Ndugu yake ni butura ya kahawa huko Kagera. Wachezaji wawili wanaopeana mbao na skrubu hawana mnyonge kati yao. Wao wanabadilishana mali kwa mali, na neno lake la siku zote ni kubadilishana.

Ubaya wa kulilegeza neno kangomba ulionekana katika msimu ule wa 2018/2019. Ulifanyika uhakiki ili kuwatenga wakulima na wanunuzi wa kangomba, na katika kungojea uhakiki huo malipo ya wakulima wengi yalichelewa. Je, aliyenunua debe moja kwa jirani ni mkangomba? Je, aliyelipwa deni kwa korosho? Je, aliyekodi mikorosho ya mwenziwe? Pale neno linapoamua nani alipwe na nani asilipwe, fasili yake haiwezi kuachiwa kila mtu na ulimi wake.

Baada ya kuyapima haya, tunapendekeza kanuni moja: istilahi ya mauzo lazima ionyeshe ni nani anayepanga bei, na ni wakati gani mali hutoka mkononi mwa mwenyewe. Kwa kanuni hiyo twaleta majina yafuatayo yajadiliwe:

(a) Mnada: mauzo ambayo wanunuzi hupandishana bei huku wakisikiana au kuonana, kwa mdomo au kwa mtandao.

(b) Zabuni ya siri: mauzo ambayo kila mnunuzi hutaja bei yake mara moja bila kujua ya mwenziwe.

(c) Uuzaji wa bei moja: mauzo ambayo muuzaji hupanga bei na mnunuzi hukubali au huondoka. Ndivyo kilivyo kibanda cha Hay Day.

(d) Bei kikomo na kima cha chini: viwango visivyoruhusiwa kupitwa. Bei elekezi ibaki kwa kiwango kisicholazimisha.

(e) Fungu: mali iliyotengwa kuuzwa pamoja, badala ya "loti". Neno hili limo vinywani mwa wauza samaki wa pwani yote, wala hatuoni sababu ya kuliacha likae ufukweni wakati ghala halina jina.

(f) Kangomba: libaki na maana yake ya Kusini, wala lisitumiwe kwa mabadilishano ya hiari.

Rasimu ya kijana wetu tumemrudishia pamoja na maoni haya, na tumemshukuru. Yeye alidhani analeta maneno ya mchezo. Kumbe ametuletea hesabu ya maneno ambayo ilipasa tuifanye tangu sanduku la kwanza la zabuni lilipofunguliwa. Katika mchezo anayekosea neno hupoteza sarafu ambazo kesho zitapatikana tena. Katika ghala la korosho anayekosea neno hupoteza jasho la mwaka mzima. Walimu, wafasiri na watumishi walioko Mtwara, Lindi na Ruvuma, ambao huyasikia maneno haya mizanini na mikutanoni, wanaombwa watuletee maoni yao, hasa pale watakapoona kwamba wakulima wenyewe wana neno lililo bora kuliko letu.