Askari wa Runinga na Suala la Uaminikaji wa Mhusika

Msomaji, lipo jibu moja ambalo kila mwalimu anayesahihisha karatasi za fasihi amelikuta mara nyingi. Swali linauliza iwapo mhusika fulani amesawiriwa kwa njia ya kuaminika. Mtahiniwa anajibu: anaaminika kwa sababu watu kama yeye wapo katika jamii. Kisha anapiga mstari na kuingia hoja ya pili. Jibu hili si kosa, ila halisemi lolote kuhusu kazi iliyo mbele yetu. Watu kama huyo wangekuwepo katika jamii hata kama mwandishi angemchora vibaya.

Wanafunzi hulitambua tatizo hili upesi tunapoweka kitabu kando kwa kipindi kimoja na kuzungumzia wanayotazama nyumbani wakati wa likizo, hasa tamthilia za polisi. Darasa lililokuwa likisinzia juu ya neno "uhalisia" huamka ghafla likiulizwa kwa nini jambazi hukosa shabaha kila mara ilhali askari hakosi. Kila mmoja ana lake la kusema kuhusu askari. Ndiyo maana nakuomba, mwalimu mwenzangu na wewe mtahiniwa, tulipime suala la uaminikaji kwa kutumia tamthilia hizo. Hapa nitaegemea zaidi The Wire ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008, misimu mitano yenye jumla ya sehemu 60. Sababu ya kuichagua ni kwamba husifiwa kuliko nyingi kwa uhalisia wake, nayo huteleza mahali pa kutufunza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kwamba mhusika ataaminika iwapo mambo yanayomzunguka ni sahihi: sare, vyeo, fomu, namna ya kuzungumza kwenye redio ya gari. Dragnet, iliyoanza redioni mwaka 1949 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1951, ilijengwa juu ya dhana hiyo. Jack Webb, aliyeiunda na kuigiza mpelelezi Joe Friday, alitumia kesi kutoka kwenye majalada ya polisi wa Los Angeles, majina yakibadilishwa, na idara ya polisi yenyewe ilishirikiana naye. Kwa usahihi wa taratibu ni vigumu kuishinda. Hata hivyo Friday ni mhusika bapa kabisa. Hana shaka, hana majuto, na kesi ya juma hili haimwachii alama yoyote ya kubeba hadi juma lijalo. Hapo una taratibu za kweli zinazotekelezwa na mtu ambaye hatumjui.

Dhana ya pili ina nguvu zaidi, nayo ndiyo ile ya mtahiniwa wetu: kwamba jambo likiwa limewahi kutokea, basi linaaminika. Katika msimu wa tano wa The Wire, mnyang'anyi Omar Little anavamiwa ndani ya nyumba, anaruka kutoka roshani ya ghorofa ya juu na kunusurika. Watazamaji wengi walinung'unika kuwa hayo ni ya sinema. Sasa sikiliza. Omar alichorwa kwa kiasi fulani kutokana na maisha ya Donnie Andrews, mtu aliyewahi kuwaibia wauza dawa za kulevya mjini Baltimore, na Andrews aliwahi kuruka kutoka ghorofa ya sita akapona. Watunzi walipunguza kimo wakihofia kwamba ukweli wenyewe hautasadikika! Kinaya ni kwamba Andrews mwenyewe ameigiza katika tukio hilohilo, akiwa mwenzake Omar anayeuawa kabla ya mruko. Mtu aliyeruka yupo pale kwenye fremu, na bado mtazamaji haamini.

Aristotle alikwisha kulisema hilo katika maelezo yake ya ushairi, kwamba mtunzi ni heri achague lisilowezekana linaloshawishi kuliko linalowezekana lisiloshawishi. Kwa hiyo "ilitokea kweli" ni ushahidi mahakamani. Katika uhakiki si ushahidi wa chochote.

Basi uaminikaji unatoka wapi? Naomba twende polepole kidogo hapa, kwa kumfuata mhusika mmoja ambaye si nyota wa tamthilia hii: Roland Pryzbylewski, anayeitwa Prez kwa ufupi.

Tunakutana naye katika msimu wa kwanza akiwa askari asiyefaa kitu, aliyekingwa na baba mkwe wake ambaye ni afisa wa cheo. Usiku mmoja yeye na wenzake wawili, wakiwa wamelewa, wanakwenda kwenye majumba ya wauza dawa kuonyesha ubabe. Kijana wa miaka 14 anamjibu kwa dharau. Prez anampiga usoni kwa kitako cha bastola, na kijana anapoteza jicho. Mtunzi mvivu angeishia hapo na kutupa mhusika wa lebo, yaani askari katili.

Tazama kinachofuata. Luteni Cedric Daniels, kiongozi wa kikosi, mtu mnyoofu anayechukia upuuzi, anamfokea Prez na kumuuliza kwa nini alifanya vile. Prez hana sababu ya maana. Mara Daniels, bila kubadilisha sauti, anaanza kumfundisha la kusema mbele ya wachunguzi: kwamba kijana alimtishia, kwamba alihofia usalama wake na wa wenzake. Mtu mnyoofu anatunga uongo mbele ya macho yetu, na tunamwamini zaidi kuliko dakika moja iliyotangulia. Kwa nini? Kwa sababu tumeona idara ikifanya kazi ndani yake. Amekuwa humo kwa miaka, anajua kikosi chake kitavunjwa asipofanya hivyo, na anajua pia kwamba anachofanya ni kibaya. Vyote vitatu vimo katika sauti ileile. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba Daniels ni mnafiki ameondoka kabla ya sherehe kuanza.

Prez ananyang'anywa kazi za nje na kufungiwa ofisini na makaratasi. Huko ndiko anakogundua namna wauza dawa wanavyoficha namba wanazotumiana kwenye peja. Ana akili ya mafumbo. Hakuwa amewekwa mahali pake. Katika msimu wa tatu anampiga risasi askari mwenzake gizani kwa kutomtambua, anamuua, na anaacha kazi. Katika msimu wa nne, wa mwaka 2006, tunamkuta akifundisha hisabati katika shule ya mtaa maskini.

Mabadiliko hayo ni makubwa. Yanakubalika kwa sababu hakuna hatua inayofuta iliyotangulia. Mikono iliyompofusha mtoto sasa inamfulia mtoto mwingine, Dukie, nguo zake shuleni kwa kuwa kwao hakuna wa kumfulia. Hakuna mtu anayetoa hotuba kutukumbusha uhusiano huo. Tunaukumbuka wenyewe.

Walimu wenzangu watanisamehe nikikaa katika msimu huu kidogo. Ed Burns, mmoja wa watunzi, alikuwa mpelelezi wa polisi katika mji huohuo kisha akawa mwalimu wa shule ya umma, na inaonekana. Walimu wanaagizwa waache mtaala na kuwakaririsha wanafunzi maswali ya mtihani wa jimbo ili alama zipande. Prez, mgeni wa ualimu, ndiye anayetambua mara moja kinachoendelea: ni kilekile alichokiona polisi, ambako unyang'anyi huandikwa kama wizi mdogo ili takwimu za uhalifu zishuke na wakubwa wapandishwe vyeo. Hakuna mtu wa Baltimore ninayemfahamu, lakini mkutano ule wa walimu nimewahi kukaa ndani yake, wastani wa shule ukiwa umeandikwa ubaoni. Kauli ya Prez inaaminika kwa sababu ni yeye pekee pale aliyefika na kumbukumbu ya idara nyingine. Mweke mdomoni mwa mwalimu mzoefu, itageuka kuwa mahubiri ya mtunzi.

Na sasa kwenye mteremko. Katika msimu wa tano fedha za polisi zimekatwa, na uchunguzi wa mauaji ya watu zaidi ya 20 umesimamishwa. Mpelelezi Jimmy McNulty anaamua kuvuruga maiti za watu wasio na makao ili ionekane kuna muuaji mmoja anayewaandama, serikali ya mji itoe pesa, naye azielekeze kwenye kesi halisi. Wahakiki wengi walisema hapa uhalisia ulikufa. Mimi nakubali nusu. McNulty simshangai. Tangu sehemu ya kwanza ni mtu anayeamini kwamba yeye tu ndiye mwenye akili, anayewapita wakubwa wake kisirisiri, na anayekunywa pombe mambo yakimwendea kombo. Kitendo ni cha ajabu ila mbegu yake ilipandwa zamani.

Ninayeshindwa kumkubali ni Lester Freamon. Huyu ni mzee mtulivu aliyewahi kuondolewa kitengo cha mauaji na kutupwa kwenye idara ya maduka ya rehani kwa miaka 13 na miezi minne, kwa kosa la kufanya kazi yake ipasavyo. Miaka hiyo alikaa akichonga samani ndogondogo, akisubiri. Subira ndiyo tabia yake yote. Anapoelezwa hila ya McNulty, tunatarajia aikatae au angalau aipime siku mbili tatu. Badala yake anaikosoa kwa kuwa haijafanywa kwa ustadi wa kutosha, kisha anajiunga. Mtetezi atasema subira yake ilikuwa imekwisha. Huenda. Lakini kuisha kwa subira ya miaka 13 ni tukio kubwa, na hatukuonyeshwa. Tulipewa matokeo bila safari. Kwa maoni yangu hapo ndipo kasoro ilipo, wala si kwenye maiti.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona Inspekta Mwala wa Citizen TV hatumdai haya yote? Kwa sababu ni ucheshi. Mwala huhitaji kurudi mzima na mkorofi vilevile kila juma, na tungekasirika akikua. Kila utanzu una deni lake.

Turudi kwenye vitabu, tukimchukua askari tuliye naye karibu. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, mkuu wa polisi Kingi anaamriwa na Majoka awapige raia risasi, naye anakataa. Nimesahihisha majibu mengi yanayosema Kingi ni jasiri na kwamba maafisa wa aina hiyo wapo. Rudi kwenye kitabu, mtahiniwa, ukiwa na Daniels na Freamon akilini. Tafuta kila mahali Kingi anapotokea au kutajwa kabla ya amri ile: anamwitikia Majoka vipi, anaona nini mitaani Sagamoyo, kukataa kwake kutamgharimu nini. Ukiipata njia iliyomfikisha pale, iandike kwa mifano. Usipoipata, andika hivyo pia, ukionyesha ulikotafuta. Jibu lolote kati ya hayo mawili nitalipa alama.