Land Rover 109 ya Kukunja kwa Mkono

Gari la waya la mtoto anayechunga ng'ombe huishia kwenye umbo: ukiliona unajua hili lori, lile basi, yatosha. Mfano wa kipimo unadai kila sentimita iwe na hesabu yake. Nilipojenga Land Rover 109 hapa kijijini Dirma, kwa makopo ya soda, waya na ndala kuukuu, niliona kwamba gari lile limekaa karibu na fundi wa kijijini kuliko linavyoonekana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana. Kampuni ya Rover ikachora bodi ya mabamba yanayokunjika bila mashine ghali za kukandamizia, na Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Kinachokunjika kiwandani kwa urahisi hukunjika pia kwenye goti.

Nilichagua kipimo cha moja kwa kumi. Jina lenyewe linatoa ufunguo: inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, yaani sentimita 277, kwenye mfano ni 27.7. Tairi halisi la 7.50-16, kwa namba yake, lina upana wa sentimita 19 hivi, kwa hiyo langu lilitakiwa milimita 19. Soli moja ya ndala ilikuwa nyembamba. Niligundisha mbili, nikazipunguza kwa wembe.

Ubavuni ndiko wengi hukosea. Tangu 1958, chini kidogo ya dirisha, bodi ina bega la mviringo. Ukiacha ubavu wima kama ubao, umerudi kwenye gari la zamani zaidi. Bega hilo nililipata kwa kukunja bati juu ya kalamu, kidogo kidogo, kwa kidole gumba.

Unene nao una hesabu. Kopo la soda lina milimita 0.1 hivi; likizidishwa mara kumi ni milimita moja, karibu sawa na bodi halisi. Bati la kopo la mafuta ya kula lingetoa milango minene kama ya sefu.

Kosa langu lilikuwa kwenye kuunga. Nilipasha moto risasi ya kuunganishia, nikaigusisha kwenye bati: ikajikunja kama tone la maji kwenye jani la mgomba, ikadondoka. Risasi ya kawaida haishiki aluminiamu. Jioni nzima ilipotea.

Siku ya pili nilitoboa kwa sindano, nikapitisha waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo, nikaukata na kugonga kichwa chake taratibu. Waya wa nusu milimita, ukizidishwa mara kumi, unakuwa ribiti ya milimita tano. Nilipomaliza mlango wa nyuma nilikuwa na safu ya vichwa vidogo kandokando ya bati, kama ile unayoipapasa kwenye Land Rover yenyewe. Sikuwa nimeipanga kama pambo. Bati ndilo lililonilazimisha, kama lilivyowalazimisha mafundi wa Rover.